Kitanzi na Wanaoulizwa

Tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuunda mahakama ya kuwahukumu waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Nchi 13 zilikubali, China ikajizuia, nchi 1 ikakataa. Iliyokataa ni Rwanda yenyewe, ambayo mwaka ule ilikuwa na zamu ya kukaa katika baraza hilo. Balozi wake alitoa sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba mahakama hiyo, ambayo baadaye iliwekwa Arusha, haikupewa uwezo wa kutoa adhabu ya kifo. Vigogo waliopanga mauaji wangefungwa katika jela za nchi za nje, ilhali wakulima waliotumwa na vigogo hao kushika mapanga wangehukumiwa nyumbani na kuuawa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na mpaka leo sijamwona aliyeijibu ikaisha.

Tarehe 24 Aprili 1998, watu 22 waliopatikana na hatia ya mauaji ya kimbari walipigwa risasi hadharani, baadhi yao katika uwanja wa Nyamirambo mjini Kigali, mbele ya maelfu ya watazamaji. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa ameomba wasiuawe, hakusikilizwa. Kisha, Julai 2007, nchi hiyo hiyo ikafuta adhabu ya kifo kwa makosa yote, na mamia ya waliokuwa wakingoja kuuawa wakabadilishiwa hukumu. Baina ya uwanja ule na sheria hii ilipita miaka 9. Wengi wa waliokwenda Nyamirambo kutazama walikuwa bado hai, na sidhani kama mioyo yao ilikuwa imelainika kwa kasi hiyo.

Kilichobadilika ni swali walilowekewa mbele. Mwaka 1998 Mnyarwanda aliulizwa kama mfiwa: huyu aliyeua watu wako, afanywe nini? Mwaka 2007 aliulizwa kama mwenye dola: unataka watuhumiwa waliokimbilia Ulaya, na wale walio Arusha, waletwe wahukumiwe hapa nchini? Mahakama ya Arusha na nchi za Ulaya hazikuwa tayari kumkabidhi mtu mahali anapoweza kuuawa. Kwa hiyo kuacha kuua kulikuwa ndiyo njia ya kurudisha haki nyumbani. Wapo manusura waliolalamika, na serikali ikawatuliza kwa kuweka kifungo cha maisha ambamo mfungwa hutengwa peke yake. Mwaka 2008 mahakama ya Arusha ikakataa tena kuhamisha kesi, safari hii kwa sababu, pamoja na nyingine, ya huo upweke wa gerezani. Rwanda ikalegeza tena. Ilikuwa Aprili 2012 ndipo Jean Uwinkindi, mchungaji, alipopelekwa Kigali, akiwa mtuhumiwa wa kwanza kuhamishiwa huko na mahakama hiyo.

Nimeanza na Rwanda kwa sababu inaharibu hesabu rahisi tunayoipenda katika mjadala huu. Huwa tunauliza kama wananchi wanaitaka adhabu ya kifo au hawaitaki, kana kwamba rai yao ni kitu kimoja kilicholala kifuani kikisubiri kupimwa. Mtu yule yule hujibu hivi akiulizwa kwa simu na mtafiti, vile akikaa kwenye kiti cha mzee wa baraza, na vingine kabisa akiwa mama wa marehemu au rais mwenye kalamu mkononi. Tofauti kati ya mapokeo ya nchi mbalimbali, kwa maoni yangu, ipo zaidi katika uamuzi wa nani aulizwe, na aulizwe kama nani, kuliko katika ukali au upole wa watu wake.

Chukua Ufaransa. Husimuliwa kama nchi ambayo mawazo ya falsafa yalishinda, lakini njia yake ilikuwa na kona nyingi. Rais Armand Fallières, aliyeingia madarakani mwaka 1906, alipinga adhabu ya kifo, na kwa muda akawa anawasamehe wote waliohukumiwa kukatwa kichwa. Bunge likaanza kuzungumza juu ya kuifuta. Mwaka 1907 mtu mmoja wa Paris, Soleilland, alimuua mtoto wa kike, rais akambadilishia hukumu, na mji ukachafuka. Gazeti la Le Petit Parisien likawauliza wasomaji wake rai yao; waliojibu walizidi milioni 1, na zaidi ya robo tatu yao walitaka mashine ya kukata vichwa ibaki. Mwaka uliofuata mswada wa kuifuta ukaanguka bungeni, na Januari 1909, huko Béthune, vichwa 4 vikakatwa siku moja mbele ya umati. Msamaha wa rais ulikuwa umezuia vifo kwa miaka michache bila kugusa sheria. Hasira ilipopanda, sheria ilikuwa pale pale ikingoja.

Baadaye umati wenyewe ukawa tatizo. Juni 1939 Eugen Weidmann aliuawa hadharani Versailles. Watu walikesha wakinywa, picha zikachapishwa magazetini, na serikali ikaona haya. Siku chache tu baadaye ikaamuru kazi hiyo ifanyike ndani ya kuta za gereza. Iliendelea humo kwa miaka 38, na wa mwisho aliuawa Marseille, Septemba 1977. Robert Badinter, wakili ambaye mwaka 1972 alimsindikiza mteja wake hadi chini ya kisu, alipokuwa Waziri wa Sheria aliwasilisha mswada wa kufuta, na tarehe 18 Septemba 1981 wabunge 363 walimuunga mkono dhidi ya 117. Siku zile zile uchunguzi wa maoni ulionyesha kwamba takriban 62% ya Wafaransa walitaka adhabu ibaki. François Mitterrand alikuwa amewaambia wapigakura waziwazi, kabla ya uchaguzi, kwamba dhamiri yake inaikataa adhabu hiyo. Wakampigia kura hivyo hivyo. Waliulizwa kama raia wanaochagua kiongozi, wakatoa jibu moja. Waliulizwa juu ya muuaji wa mtoto, wakatoa jingine. Majibu yote mawili ni yao, na mwaka 2020 zaidi ya nusu walikuwa tena wakiwaambia watafiti kwamba wangependa adhabu irudi. Hakuna aliyeirudisha. Tangu 2007 imekatazwa na katiba.

Uingereza, jirani yake, haikuwa na Badinter. Ilikuwa na majina ya waliokufa: Timothy Evans, aliyenyongwa mwaka 1950 kwa mauaji, kisha ikaonekana kwamba jirani yake katika nyumba ile ile alikuwa muuaji wa mfululizo; Derek Bentley, aliyenyongwa 1953 kwa risasi iliyopigwa na mwenzake; Ruth Ellis, 1955. Mwingereza hana mazoea ya kubishana juu ya haki katika anga za juu. Humwonyesha jirani yake kesi moja iliyokwenda mrama na kumwacha aifikirie. Bunge lilisimamisha kunyonga kwa kosa la mauaji mwaka 1965 kwa majaribio ya miaka 5, likathibitisha 1969, wananchi wengi wakiwa wanapinga. Uchunguzi wa kila mwaka wa mitazamo ya Waingereza ulianza kuuliza swali hilo mwaka 1986, karibu robo tatu wakitaka kitanzi kirudi. Ni mwaka 2014 ndipo walipopungua chini ya nusu, wakawa 48%. Yaani rai ilichukua nusu karne kuifikia sheria. Wanaosema kwamba sheria lazima isubiri watu wawe tayari wana la kujibu hapo, ingawa wapinzani wao nao wana Ufaransa ya 2020 ya kuelezea.

Japani imekwenda kinyume, na kwa hoja ambayo haifai kudharauliwa. Serikali yake husema: sisi ni watumishi wa umma, na umma umesema. Mwaka 2019 uchunguzi wa serikali ulipata 80.8% wanaoona adhabu ya kifo haiepukiki. Wakosoaji wameuangalia mpangilio wa majibu. Upande mmoja Mjapani hupewa jibu kwamba ifutwe, upande wa pili hupewa jibu kwamba haiepukiki. Mtu mwenye mashaka, ambaye angependa iwe nadra mno, hana pa kukaa isipokuwa upande wa pili, na huko huhesabiwa pamoja na anayetaka kunyonga kila wiki. Zaidi ya hayo, umma huo unaoulizwa hauoni kitu. Anayenyongwa huarifiwa asubuhi ile ile, na familia yake huarifiwa akiwa ameshakufa.

Lakini Japani pia imewauliza watu kwa namna nyingine, na hapo ndipo inapovutia zaidi. Tangu 2009 raia wa kawaida huketi pamoja na majaji katika kesi kubwa. Hukumu ya kwanza ya kifo iliyotolewa kwa utaratibu huo, Yokohama, Novemba 2010, ilimalizika kwa jaji kiongozi kumshauri mshtakiwa akate rufaa. Ushauri huo uliwashangaza wengi: mahakama inamhukumu mtu kufa kisha inamsihi asikubali. Mawaziri nao wana visa vyao. Seiken Sugiura, muumini wa madhehebu ya Kibuddha, alitangaza mwaka 2005, siku aliyoteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, kwamba hatatia saini. Akaifuta kauli hiyo muda mfupi baadaye kwa shinikizo, na bado akamaliza kipindi chake bila kusaini hata hati moja. Keiko Chiba, mpinzani wa adhabu hiyo kwa miaka mingi, alifanya kinyume chake: Julai 2010 alisaini hati 2, akaenda mwenyewe kushuhudia, kisha akawafungulia waandishi wa habari chumba cha kunyongea ili nchi ione. Kati ya hao wawili ni nani aliyekuwa mwaminifu zaidi kwa imani yake? Nimebadilisha jibu mara kadhaa. Na Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ilimfutia hatia Iwao Hakamada, aliyehukumiwa kifo mwaka 1968, ikisema ushahidi dhidi yake ulitengenezwa. Alikuwa na miaka 88, na akili yake ilikuwa imeharibiwa na kusubiri.

Marekani huuliza kuliko nchi zote, na kwa njia zote kwa pamoja. Taasisi ya Gallup ilipata 42% wanaounga mkono mwaka 1966, ikapata 80% mwaka 1994 wakati hofu ya uhalifu iko juu, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikipata zaidi kidogo ya nusu. Nebraska, mwaka 2015, wawakilishi wa jimbo walifuta adhabu hiyo wakimshinda gavana aliyepiga veto. Mwaka uliofuata wapigakura wakairudisha kwa takriban 61%. Mfaransa angeshtuka kuona jambo kama hilo likiwekwa kwenye karatasi ya kura; Mmarekani wa Nebraska angeshtuka kuona likiamuliwa bila karatasi hiyo. Kila mmoja ana heshima yake ya kidemokrasia ya kuitetea. Ila kuna takwimu nyingine inayoniambia mengi zaidi. Mwaka 1996 mahakama za Marekani zilitoa hukumu za kifo zaidi ya 300. Tangu 2015 hazifiki 50 kwa mwaka. Wanaokaa kwenye baraza la mahakama ni wale wale wanaopigiwa simu na Gallup, tena wakiwa wamechujwa: anayesema hawezi kamwe kuhukumu kifo huondolewa mapema. Hata hivyo, wakishamwona mtu amekaa mbele yao kwa wiki kadhaa, na wakiambiwa kwamba kuna kifungo cha maisha kisicho na msamaha, wengi husita.

Mapokeo haya yote, kwa kutofautiana kwake, yanakubaliana katika jambo moja: mauaji ni kosa dhidi ya dola, na dola ndiyo inayoamua. Ukitoka humo ukaingia katika fiqhi ya Kiislamu, unakuta msingi mwingine. Katika mauaji ya kukusudia haki ya kisasi ni ya warithi wa aliyeuawa. Wanaweza kudai damu, wanaweza kuchukua dia, yaani fidia ya damu, wanaweza kusamehe bure, na kusamehe kumesifiwa kuliko yote mawili. Umma hauulizwi. Anaulizwa mama, baba, mtoto. Mwaka 2014, katika mji wa Nowshahr nchini Iran, mama wa kijana aliyeuawa alipanda hadi kwa muuaji aliyekwisha kuvishwa kitanzi, akampiga kofi, kisha yeye na mumewe wakakitoa kitanzi. Picha hizo zilizunguka dunia nzima, na wengi walioziona hawakujua kwamba hazikuvunja sheria yoyote. Ndivyo sheria inavyowapa nafasi wafiwa. Lazima pia isemwe kwamba Iran hiyo hiyo imewanyonga watu wengi kwa makosa ya dawa za kulevya, na huko hakuna mrithi wa kuombwa msamaha, kwa kuwa dola yenyewe ndiyo mdai.

Wasomali, wa Somalia na wa kaskazini mwa Kenya, wameichanganya dia na mila yao ya koo. Ngamia 100 kwa mwanamume, hulipwa na ukoo mzima na kupokewa na ukoo mzima, kwa hiyo wanaoulizwa ni wazee wa pande mbili chini ya mti. Wakikuyu wa zamani, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, walilipa mbuzi au kondoo 100 kwa maisha ya mwanamume. Katika jamii zote hizo mwanamke alihesabiwa pungufu, jambo ambalo wanaoyasifu mapokeo haya kwa upole wake hupenda kuliruka. Na hazikuwa jamii zisizoua. Wakamba walikuwa na king'ole, ambapo mchawi au mwizi sugu aliyewachosha watu aliuawa na wengi kwa pamoja. Lakini king'ole ilihitaji ndugu wa karibu wa mtuhumiwa mwenyewe aridhie. Sijui mapokeo mengine yanayomuuliza mtu huyo. Paris haikumuuliza, Tokyo humpelekea taarifa baada ya kazi kwisha.

Kitanzi cha dola kilikuja kwetu na wakoloni, na kilikuja hadharani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, kwenye mwembe ambao watu wa huko waliuita Mwembe Kinyonga. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa Machi 1900 pamoja na wenzake, na viongozi wa Wangoni kule Songea mwaka 1906. Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza waliwanyonga zaidi ya watu 1,000, Dedan Kimathi akiwamo, Februari 1957. Mara nyingi Waafrika waliletwa kutazama ili waogope. Hakuna aliyewaomba rai. Ajabu ni kwamba serikali huru zilirithi sheria hizo karibu neno kwa neno, na baada ya kizazi kimoja zikaanza kusema kwamba adhabu ya kifo ni matakwa ya wananchi.

Hoja hiyo ilifikishwa mahakamani katika kipindi kimoja, kusini na mashariki mwa bara hili. Juni 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha katiba ya Tanzania. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikaiokoa: kama inahitajika kwa kadiri inayofaa kulinda uhai wa watu, ilisema, jamii ndiyo inayoamua. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Makwanyane, ilisoma uamuzi huo wa Tanzania, ikauheshimu, na kuukataa. Jaji Arthur Chaskalson alikubali kwamba huenda Waafrika Kusini wengi wanataka adhabu hiyo ibaki. Akasema hilo haliwezi kuwa jibu, maana katiba iliwekwa kuwalinda hata wale ambao wengi hawawapendi. Wenzake Langa na Mokgoro wakaijenga hoja juu ya utu, wakiuita ubuntu.

Husemwa kwamba Johannesburg ilikuwa jasiri na Dar es Salaam ilikuwa na woga. Mimi sioni hivyo. Majaji wa Afrika Kusini walikuwa wanatoka katika dola iliyokuwa ikinyonga watu weusi kwa makumi kila mwaka, na jamii iliyoitwa umma ilikuwa ndiyo kwanza imepiga kura pamoja. Majaji wa Tanzania walikuwa katika nchi ambayo vyama vingi vilikuwa na miaka 3 tu na bunge halikuwa limezoea kuambiwa na mahakama kwamba limekosea. Kusema jamii iamue kulikuwa ni unyenyekevu wa aina yake. Ila hawakusema jamii itaulizwa lini, wapi, na kwa swali gani.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania. Kenya tangu Julai 1987, waliponyongwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Hukumu zinaendelea kutolewa, na sehemu za kondemu zinajaa. Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu zaidi ya wafungwa 4,000 kwa mpigo mwaka 2009, Uhuru Kenyatta wengine 2,747 mwaka 2016. John Magufuli, ambaye hakujulikana kwa upole, Septemba 2017 alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu alisema wasimpelekee orodha ya watu wa kunyongwa, kwa sababu anajua ugumu wa jambo hilo. Katika nchi nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiulizwa kwa kalamu na jina la mtu, na hakutaka. Fallières naye hakutaka. Tofauti ni kwamba Tanzania haijapata Soleilland wake, au tuseme ilimpata na ikapita salama: mwaka 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitoa kauli ya kuwataka wauaji nao wauawe, akaishia kulia bungeni akijieleza, na mahakama ikawahukumu kifo wauaji kadhaa. Watu walishangilia hukumu zile. Hakuna aliyenyongwa.

Huku mitaani, hata hivyo, kuna kura isiyohesabiwa na mtafiti yeyote. Magazeti yetu yana fungu la maneno la kudumu, wananchi wenye hasira kali, na chini yake hufuata habari ya kijana aliyechomwa kwa tairi kwa tuhuma ya kuiba simu. Wengine huona hapo ushahidi kwamba watu wetu wanataka kitanzi. Nadhani unaonyesha zaidi kwamba hawaitegemei polisi wala mahakama. Aliyeibiwa mara tatu na kumwona mwizi akirudi mtaani baada ya siku mbili hajaulizwa juu ya falsafa ya adhabu. Ameulizwa kama ana imani na kituo cha polisi. Kwa Kongo swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa usitishaji wa kutekeleza adhabu ya kifo uliokuwapo tangu 2003, ikitaja wasaliti jeshini katika vita vya mashariki na magenge ya mjini. Vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma, karibu kabisa na vita hivyo, walipinga.

Zimbabwe inatoa mfano mwingine wa jinsi rai inavyosikika ikiulizwa vizuri. Watafiti walipowauliza watu huko, wengi walisema adhabu ibaki. Walipoulizwa tena kama wangekubali serikali ikiamua kuifuta, wengi wa hao hao walisema wangekubali. Tarehe 31 Desemba 2024 ikafutwa, kwa sahihi ya Emmerson Mnangagwa, ambaye anasimulia kwamba aliponea kitanzi cha wakoloni kwa umri wake mdogo. Sheria hiyo iliacha mwanya wa kuirudisha wakati wa hali ya hatari, mwanya ambao Wakongo wangeutambua mara moja.

Kwetu Tanzania yupo mmoja ambaye katika mpangilio huu haulizwi kabisa, naye ni jaji wa kesi. Kifungu cha 197 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu hakimpi la kuchagua: akimpata mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia, hutamka kifo, awe mke aliyepigwa miaka 10 au jambazi wa kukodiwa. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, mji ule ule wa kesi za Rwanda, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi, ikaipa Tanzania mwaka 1 kuuondoa. Mwaka ukapita. Mwaka 2022, katika shauri jingine, ikalazimika kutoa amri hiyo upya. Mahakama haikudai adhabu ya kifo ifutwe, wala haikugusa rai ya wananchi. Ilitaka tu kwamba aliyesikiliza mashahidi wote aulizwe kabla ya rais kupelekewa jina, na sijasikia hoja ya upande wowote, wa wanaotaka kitanzi au wa wanaokikataa, inayoeleza kwa nini asiulizwe.